Jiko Lipimwe kwa Mlango Wake

Mnunuzi wa jiko katika soko la Mikinduri, Meru, sawa na mwenzake wa Embu mjini au wa Gikomba, huanza na udongo. Huliinua jiko apime uzito, hugonga ukingo wa ndani kwa kifundo cha kidole asikilize mlio, hutafuta ufa, kisha huuliza bei. Mlango wa majivu, kile kibati kidogo kinachoning'inia chini, haugusi. Anayenunua jiko kubwa la kauri kutoka ng'ambo, lile lenye umbo la yai, hufanya kosa hilohilo kwa gharama kubwa zaidi: huvutiwa na unene wa ukuta na rangi inayong'aa. Hoja yangu ni kwamba wote wawili wanaanzia pasipofaa. Jiko la makaa, liwe la mia kadhaa za shilingi au la laki na zaidi, ni chombo cha kugawia hewa. Udongo una kazi yake, tena kazi kubwa, lakini ustadi wa fundi huonekana kwanza pale hewa inapoingilia na pale inapotokea.

Hesabu yake si ngumu. Gramu 12 za kaboni zinapoungua sawasawa hula gramu 32 za oksijeni, na hewa tunayovuta ina oksijeni isiyofika robo ya uzito wake. Makaa ya sokoni si kaboni tupu, yana majivu na unyevu ndani yake. Hata hivyo kilo moja huhitaji kilo 9 hivi za hewa mpaka iishe. Kwenye miinuko ya Nyambene, ambako hewa ni nyepesi kidogo kuliko ya pwani, hiyo ni hewa ya kujaza chumba cha meta 2 kwa 2, sakafu hadi dari. Kwa uzito, basi, mpishi huunguza hewa mara tisa ya makaa. Makaa anayanunua kwa debe, hewa inajileta yenyewe, na ndiyo sababu hakuna anayeihesabu. Lakini anayeweza kuamua hewa hiyo ipite kwa dakika 40 au kwa saa 4 ndiye aliyeushika moto. Wengine wanautazama tu.

Maarifa haya hayakuletwa na mtu yeyote kutoka nje. Kabla ya bati na kabla ya vikombe vya udongo, moto wa mafiga ulihifadhiwa usiku kucha kwa kufukiwa majivuni, na asubuhi ukafukuliwa, ukapulizwa, ukaamka. Wengi hudhani majivu yalikuwa blanketi la kuhifadhi joto. Kwa sehemu ndivyo, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia hewa: kaa lililofukiwa vizuri lilipata hewa ya kulitunza uhai na si zaidi. Aliyejua kipimo cha majivu, kingi kiasi cha kutoteketeza kaa na kichache kiasi cha kutoliua, alikuwa akifanya kwa mkono kazi ambayo mlango wa jiko ulibuniwa kuifanya.

Hapa pingamizi la kwanza linajitokeza, nalo lina uzito. Historia ya jiko letu inaonyesha kwamba udongo ndio uliobadilisha mambo. Jiko la bati tupu, ambalo husemekana lilikuja na mafundi wa Kihindi wakati wa kujengwa kwa reli ya Uganda, lilitawala miji ya Kenya kwa miongo mingi. Kuta zake zilitawanya joto pande zote, na mpishi aliungua shini kabla ya chai kuchemka. Kisha Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake kuhusu nishati mpya jijini Nairobi, na katika miaka iliyofuata Maxwell Kinyanjui na wenzake, shirika la KENGO, na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo walichukua wazo la majiko ya ndoo ya Thailand, wakatoa jiko la bati lenye kikombe cha udongo ndani. Majaribio mengi tangu wakati huo yameonyesha kwamba jiko hilo huokoa makaa kwa asilimia 20 hadi 50 likilinganishwa na la bati tupu. Nani basi atathubutu kuuweka udongo nafasi ya pili?

Nitathubutu, kwa kulitazama jiko lenyewe. Udongo wake uko nusu ya juu tu. Nusu ya chini ni bati tupu, imepanuka kuelekea ardhini ili jiko lisipinduke mpishi anaposonga ugali, na hapo ndipo mlango ulipo. Wabunifu waliuweka udongo penye moto, wakaliacha bati penye hewa, na kila kimoja kikapewa kazi kinachoiweza. Isitoshe, jiko la Jikokoa, linalotengenezwa Ruiru na kampuni ya Burn, limepata sifa ya kula makaa machache bila kikombe cha udongo; chumba chake cha moto ni cha chuma, kimezungukwa na kizuizi chepesi cha joto. Kama siri ingekuwa udongo, jiko hilo lisingefaulu. Kinachohitajika ni ukuta usiotoroshea joto nje na tundu linalotii mkono wa mpishi. Udongo ni ukuta wa bei nafuu kuliko wote, unachimbwa nchini, na fundi wa hapa anaweza kuubadilisha ukivunjika. Hizo ni sababu za kuuheshimu. Hazitoshi kuwa sababu za kuacha kukagua mengine.

Imani nyingine iliyoenea ni kwamba udongo mnene ni bora kwa kuwa unashika joto. Joto linaloshikwa na udongo ni mkopo uliotoka kwenye makaa. Kikombe cha kilo 3 kikipashwa kufikia nyuzi 400 hivi humeza takriban megajuli moja, yaani gramu 40 za makaa. Ukipika githeri kwa saa 3, mkopo huo hurudishwa polepole. Ukipika chai ya asubuhi, sufuria inashuka wakati jiko bado linapasha udongo wake, na hakuna cha kurudishwa. Nyumba inayotumia jiko mara nyingi kwa mapishi mafupi inafaa kununua udongo mwembamba, hata kama muuzaji atanuna.

Sasa weka hasara hiyo kando ya hasara ya mlango usiofunga. Githeri ikishachemka haihitaji tena moto mkali. Maji yanayotokota kwa fujo na yanayochemka kwa upole yana joto lilelile, chini kidogo ya nyuzi 100 kwenye miinuko hii, na maharagwe hayajui tofauti. Kinachozidi ni mvuke. Kila lita moja inayogeuka mvuke hudai megajuli 2.26, na jiko linalofikisha thuluthi moja ya joto lake kwenye sufuria litaunguza karibu robo kilo ya makaa ili kuitoa lita hiyo hewani. Robo kilo kwa sababu ya mlango, gramu 40 kwa sababu ya unene wa udongo: mara sita. Na lita hiyo lazima irudishwe sufuriani, baridi, ipashwe upya. Anayeulizia uzito wa udongo na kuupita mlango anahesabu senti huku noti zikipeperuka. Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, hesabu hizi zilipata uzito mkubwa zaidi mfukoni.

Udongo nao upimwe, ila kwa haki. Kugonga kunafaa, lakini kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba kikombe kilichokwisha kupachikwa ndani ya bati hakiwezi kulia wazi, kwa sababu mchanganyiko uliokishikilia unameza mlio. Muuzaji anayekugongea jiko zima na kukuambia usikilize hakuambii lolote. Kama vikombe vitupu vinauzwa kando, gonga hivyo. Mlio mfu, mzito, ni dalili ya ufa uliojificha au ya udongo ambao haukuiva tanurini. Mtego wa pili ni mbaya zaidi, maana unamnasa hata mjuzi: kikombe kinacholia vizuri kuliko vyote pengine ndicho kitakachopasuka kwanza. Udongo uliopikwa kupita kiasi huziba vitundu vyake, unakuwa mgumu na kulia kwa sauti nyembamba, na ukipashwa ghafla upande mmoja hauna pa kunyoosha. Kikombe cha jiko hakitafutiwi ugumu wa sahani. Kinatakiwa kiwe na vitundu vidogo visivyohesabika, kwa kuwa hewa iliyofungiwa humo ndiyo inayozuia joto, na vitundu hivyohivyo huzuia ufa mdogo usikimbie. Weka tone la maji ukutani: likinywewa taratibu, vizuri, likikaa juu bila kuzama, udongo umepita kiasi. Kisha kwaruza kwa sarafu mahali pasipoonekana. Unga mwingi ukitoka, udongo haukuiva, na utamalizika kwenye majivu kidogo kidogo kila ukikoroga makaa.

Rangi husaidia, ingawa inategemewa kuliko inavyostahili. Udongo wenye chuma hugeuka mwekundu wa tofali ukiiva, lakini madoa meusi upande mmoja mara nyingi huonyesha tu mahali kuni za tanuri zilipogusa. Tazama badala yake kama rangi ni moja kuzunguka ukingo mzima. Upande mmoja ukiwa na wekundu wa kukolea na wa pili ukiwa na rangi ya mchanga, kikombe kimepikwa nusu, na nusu mbili zisizolingana zitatanuka kwa vipimo viwili tofauti. Nyufa nyembamba za juujuu, zilizotokana na kukauka, hazina madhara. Ufa unaounganisha tundu moja na jingine kwenye sakafu ya makaa hauna msamaha.

Kati ya udongo na bati kuna kitu ambacho hakuna anayekitazama, nacho ndicho huamua maisha ya jiko. Miongozo ya mwanzo ilitaka saruji ichanganywe na vamikulaiti, madini mepesi yanayofura yakipashwa moto na kuzuia joto vizuri. Siku hizi wengi hutumia saruji na majivu, au saruji na mchanga, au saruji peke yake. Saruji tupu inashika sana siku ya kununua, lakini inapitisha joto kwenye bati na haikubali udongo utanuke. Shika kikombe kwa vidole vya mikono miwili na ujaribu kukizungusha. Kikicheza hata kidogo, kiache. Kisha minya mchanganyiko kwa ukucha. Ukiona ni mgumu na wa kijivu cheupe kama sakafu, muulize fundi ametia nini. Anayejibu bila kusita anaijua kazi yake, hata kama jibu ni majivu.

Matundu ya sakafu ya makaa ndiyo mlango wa pili wa hewa. Yawe na upana wa kidole kidogo hivi, yapanuke kuelekea chini ili kipande cha kaa kilichopita juu kisikwame katikati. Inua jiko utazame kwa chini dhidi ya mwanga wa jua. Utashangaa ni mangapi yamezibwa nusu na udongo mbichi ambao fundi hakuusafisha kabla ya tanuri. Matundu machache yananyima moto pumzi hata mlango ukiwa wazi. Mengi mno yanaidhoofisha sakafu. Vyuma vitatu vya kubebea sufuria vipimwe hapohapo, kwa kuweka sufuria unayoitumia na si ya muuzaji. Nafasi kati ya tako la sufuria na ukingo wa udongo ni tundu la kutokea, na kama ni pana sana joto lote linapitia pembeni. Kama ni finyu mno moto unalemewa na moshi wake.

Mlango wenyewe unapimwa kwa njia mbili ambazo hazihitaji moto. Kata ukanda wa karatasi, uweke ukingoni, funga, kisha uvute. Ukitoka bila upinzani wowote, hewa nayo itaingia bila upinzani. Rudia pande zote, kwa kuwa mlango unaobana juu huwa umeachama chini. Njia ya pili ni kuwasha tochi ya simu, kuiingiza kwenye chumba cha majivu, kufunga mlango na kuangalia jiko kivulini. Mstari mwembamba wa mwanga kuzunguka mlango unavumilika. Mwanga unaochungulia kwenye maungio ya bati, pale kiuno kinapokutana na tako, hauvumiliki, kwa sababu hewa hiyo hakuna atakayeiamuru. Sehemu hizi zinamtambulisha fundi kuliko kitu kingine chochote. Bati lililokunjwa mara mbili na kupigwa nyundo hadi likalala hudumu. Bati lililogusishwa na kukazwa kwa ribiti tatu huachana baada ya kutanuka na kunywea mara kadhaa. Bawaba iwe ya waya mnene, na mlango ubaki pale unapouacha. Mlango unaojifungua ukigeuka kuchukua chumvi hauna faida.

Kamado, jiko la yai, linastahili kupimwa kwa mizani hiyohiyo. Asili yake ni majiko ya udongo ya Japani. Wanajeshi wa Marekani waliokaa huko baada ya Vita vya Pili vya Dunia waliyapeleka kwao, na mwaka 1974 Ed Fisher alianza kuyauza Atlanta, katika biashara iliyozaa jina Big Green Egg. La ukubwa wa kawaida hupima zaidi ya kilo 70, na bei yake Marekani ni dola 1,000 au zaidi kabla ya meli na ushuru. Wanaolisifu husifu kauri yake. Hata hivyo, kupasha kuta hizo kwa mlo wa moto mdogo hula gramu 130 hivi za makaa kabla ya nyama kuhesabiwa. Ubora wake halisi uko kwingine: lina tundu la chini na tundu la juu, yote mawili yakisogezwa kwa vipimo vidogo sana, na kifuniko chake hukalia utepe unaoziba. Ukifunga yote mawili moto hufa, na makaa yaliyobaki hutumika kesho. Jiko letu haliwezi hilo. Juu liko wazi, na mlango wa chini hupunguza moto bila kuuzima. Mpishi makini huhamishia makaa kwenye debe lenye kifuniko.

Kwa hiyo nakubali bila kinyongo kwamba kamado nzuri hulishinda jiko la soko kwa utawala wa hewa. Lakini kamado mbaya hushindwa na jiko zuri la soko, na kamado mbaya zipo tele, zenye kauri nene na kifuniko kisichokaa. Pitisha karatasi kuzunguka kifuniko chote. Kifungue nusu ukiachilie: bawaba nzuri hukishikilia hapo, dhaifu hukiangusha, na kifuniko kinachoanguka ndicho huvunja kauri. Angalia kama kikombe cha moto kimegawanywa vipande, maana baadhi ya watengenezaji hufanya hivyo ili kila kipande kitanuke peke yake. Tena uliza vipuri viko wapi. Kikombe cha udongo kikipasuka Mikinduri, kingine hupatikana siku ya soko. Cha kamado huenda kikasubiri kontena.

Kwenye kufukiza nyama au samaki kwa moshi, hoja yangu inapata mtihani wake mgumu. Kama ubora ni uwezo wa kubana hewa, basi chombo bora cha moshi kingekuwa kile kinachobana kuliko vyote, na kila aliyekula nyama chungu iliyofukizwa hivyo anajua si kweli. Kuni zikinyimwa hewa hutoa moshi mweupe mzito wenye lami isiyoungua, na lami hiyo hutua juu ya nyama. Moshi unaotakiwa ni mwembamba, wa rangi ya samawati, karibu usionekane. Jibu ni kwamba kubana moto mkubwa na kuwasha moto mdogo ni mambo mawili tofauti. Nyama inayofukizwa kwa nyuzi 110 hivi inahitaji moto mdogo unaopumua vizuri, na moto mdogo unatosha pale tu ukuta usipotorosha joto. Hapo ndipo udongo unapopata heshima yake kamili: unaruhusu moto uwe mdogo, na mlango unautunza katika udogo huo. Paja la mbuzi mzee, lenye kano nyingi, hulainika hivyo kwa saa kadhaa bila kukauka, kwa sababu moto mdogo hupitisha hewa kidogo juu yake.

Pipa la chuma lililokatwa halina anasa hiyo. Bati lake linatoa joto pande zote, hivyo moto lazima uwe mkubwa, hewa lazima iwe nyingi, na hewa nyingi hukausha nyama. Wingu likitua Nyambene au upepo ukigeuka, joto lake hupanda na kushuka. Faida yake ni bei, na moshi wake huwa safi kwa kuwa moto haunyimwi. Fundi anayejenga tofali na udongo ndani ya nusu ya chini ya pipa, akaweka mlango unaofunga na kifuniko chenye tundu la kusogezwa, anaikaribia kamado kwa sehemu ndogo ya bei. Mfano mzuri uko Ghana, katika kijiji cha Chorkor kando ya Accra, lilikotoka tanuri la kufukizia samaki lililosambazwa katika nchi nyingine za Afrika kwa msaada wa FAO: kuta za udongo au tofali chini, na juu yake trei za mbao zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kazi yake yote inategemea trei hizo kukutana ukingo kwa ukingo. Zikiacha nafasi, kuta haziwezi kuokoa kitu.

Pipa lolote lichunguzwe lilibeba nini zamani, na wavu wa kuwekea nyama usiwe wa waya uliopakwa zinki. Kuni za moshi Meru na Embu hazina shida: matawi ya mkahawa yaliyopogolewa, mparachichi, maganda ya makadamia, yote yakiwa makavu kabisa. Mkaratusi uachwe. Mti wa mukinduri nao, pamoja na wingi wake, moshi wake unawasha macho. Ubaki wa kuivishia githeri.

Atakayepinga kwa nguvu zaidi ni mchoma nyama wa kando ya barabara. Yeye hana mlango, hana udongo wala kifuniko, ana wavu na makaa, na mbuzi wake anawavuta watu kutoka mbali. Ni kweli, na sina haja ya kumpunguzia. Lakini mtazame mikono. Anasukuma makaa kando, anayarudisha, anayanyunyizia majivu, anainua wavu, anahamisha ubavu mahali pa joto dogo mafuta yanapowaka. Anafanya kila dakika kazi ambayo mlango ungeifanya mara moja, na hafanyi kazi nyingine yoyote saa hiyo. Nyumbani anayepika huwa pia anakamua, anakagua kazi za shule na kupokea mgeni. Jiko la nyumbani linapimwa kwa kile linachofanya mpishi akiwa amelipa kisogo.

Pingamizi la mwisho linahusu uhai, na kulijibu kwa haraka ni kosa. Moto ulionyimwa hewa hutoa kaboni monoksidi kwa wingi zaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na katika baridi ya Julai watu huingiza jiko chumbani wakalala. Je, kusifu mlango unaofunga si kuhimiza hatari hiyo? Jiko lenye mlango mbovu halisafishi hewa ya chumba. Linamaliza makaa mapema tu, na makaa yanayofifia kwa majivu yake yenyewe hutoa gesi ileile. Hakuna jiko la makaa, la kauri wala la bati, linalofaa chumba kilichofungwa. Moto mdogo wa saa nyingi ni wa uani, au wa jiko la nje lenye nafasi kati ya ukuta na paa. Muuzaji anayekwambia jiko lake ni salama chumbani kwa sababu halitoi moshi, usinunue kwake hata kikaangio.

Nyumba inayopika githeri na chai kila siku na kuchoma mbuzi mara moja moja haihitaji kamado. Inahitaji jiko la soko lenye mlango unaotii, kisha pipa lililojengewa udongo likihitajika. Kamado ina maana kwa anayepika nyama ya saa nyingi karibu kila wiki na ana mahali pakavu pa kuiweka. Jiko jipya la udongo liwashwe kwanza kwa makaa machache ili unyevu utoke, na lisizimwe kwa maji kamwe. Baada ya hapo lipewe mtihani mmoja: chemsha lita 2 za maji, kisha funga mlango hadi ubaki upenyo wa unene wa sarafu, uache saa nzima. Moto ukifa, mlango au matundu yanabana mno. Maji yakiendelea kutokota kwa fujo, kuna hewa inayoingilia mahali fulani, na mara nyingi ni bati la kupindwa kwa koleo, kazi ya dakika chache ambayo fundi mwaminifu hailipishi. Maji yaliyobaki yapimwe kwa kikombe, na hesabu hiyo ndiyo ya kumpelekea, hasa kama alikuhakikishia kwamba udongo wake ndio bora sokoni.